Manesi mliokaa na wagonjwa wa sonona (huzuni nzito isiyoondoka) na wasiwasi, naombeni msaada: mgonjwa akianza kulia mbele yangu nifanye nini?

nesi_wa_kituo ameandika:

Wakuu habari za saa hizi, wakubwa shikamooni. Mimi ni muuguzi wa diploma, mwaka wa nne kazini, nipo kituo cha afya huku kanda ya ziwa. Mwezi uliopita dada aliyekuwa anashika dawati la afya ya akili alistaafu, inchaji akaniita akaniambia kuanzia Jumatatu ni wewe, na mimi semina ya mambo haya nimewahi kwenda moja tu ya siku tatu.

Sasa wagonjwa wa kifafa na wale wenye skizofrenia kwa kweli siwaogopi, wanakuja na kadi zao, nauliza usingizi, nauliza kama bado anasikia sauti, naangalia mikono kama inatetemeka au shingo imekaza, nahesabu dawa zilizobaki, anaondoka na tarehe. Shida yangu ni hawa wengine ambao ndio wengi. Anaingia mtu amevaa vizuri, anaongea vizuri, anakwambia sista moyo unakwenda mbio, kichwa kimejaa, tumbo linawaka, usiku silali mwili umechoka kama nimelima. Vipimo safi.

Kuna mama mmoja ndiye amenifanya niandike hapa. Ana miaka thelathini na kitu, tangu Januari amekuja mara saba, nimepitia daftari lake ukurasa kwa ukurasa, imeandikwa UTI, taifodi, vidonda vya tumbo, taifodi tena, presha ya kushuka, vidonda vya tumbo tena. Juzi nikamuuliza tu, mama nyumbani kwema? Akashika ncha ya khanga akawa anaikunja anaikunjua, anaikunja anaikunjua, dakika nzima hajasema kitu halafu machozi yakaanza. Mimi nikamwambia jikaze mama Mungu yupo. Akafuta uso akasema asante sista, akaondoka. Yaani tangu siku ile sina amani maana niliona kabisa nimemfungia mlango.

Daktari wa akili yupo hospitali ya mkoa, nauli kwenda na kurudi kwa mama kama yule ni mtihani. Dawa za sonona, kabatini nina amitriptilini za miligramu 25, fluoksetini leo ipo kesho haipo. Nje foleni ni watu arobaini. Naombeni mniambie kwa vitendo, nikae naye vipi, niulize nini, mimi nesi mwenyewe mwisho wangu ni wapi.

---

Mama wa Zamu amejibu:

Marahaba mwanangu. Nimesoma uuguzi wa akili pale Mirembe, Dodoma, na nimekaa wodini na kliniki miaka ishirini na mbili, ngoja nikueleze taratibu maana hili jambo ninalipenda.

Mlango uliufunga lakini kufuli hukutia, atarudi, watu wa namna hiyo wanarudi sana, ndiyo hizo mara saba unazoziona kwenye daftari. Amekuja mara saba kuomba kitu kilekile na hajui kinaitwaje.

Kwanza kiti. Usikae ng'ambo ya meza kama hakimu, kiti chake kiweke pembeni ya kona ya meza ili magoti yenu yawe karibu na macho yake yawe na mahali pengine pa kuangalia akitaka. Simu geuza. Daftari lifunge mpaka amalize sentensi ya kwanza. Kama chumba mnagawana na mwenzako wa chanjo basi muombe dakika kumi na tano, au toka naye mkakae chini ya mwembe, mimi nimeshafanya kazi kubwa sana chini ya mwembe.

Pili, akilia usimnyamazishe. Jikaze, usilie, Mungu yupo, wenzako wana makubwa zaidi, haya yote mgonjwa anayasikia kama "nyamaza". Na Mungu yupo kweli, mimi mwenyewe ni mtu wa jumuiya, lakini huyo mama ameshajiambia maneno hayo mara elfu kabla hajafika kwako. Kaa kimya naye. Kimya cha dakika mbili ni kirefu mno ukiwa mgeni wa kazi hii, utatamani ujaze maneno, usijaze. Machozi yakipungua mwambie, naona umebeba kitu kizito, kimeanza lini? Basi. Halafu msikilize kwa maneno yake mwenyewe, akisema "mawazo mengi" na wewe sema mawazo mengi, akisema "moyo unawaka" na wewe tumia hilohilo. Neno sonona atalijua baadaye, na hayo maneno "ugonjwa wa akili" ukimtupia dakika ya kwanza atawaza kuokota makopo barabarani na hutamuona tena.

Tatu ndiyo unauliza kwa mpangilio. Chukua ile PHQ-9, fomu ya kupima sonona, ipo ya Kiswahili, maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila swali sifuri mpaka tatu, jumla ya juu 27. Kuanzia 10 hiyo ni sonona ya kuchukulia hatua. Ya wasiwasi ni GAD-7, maswali saba, ya juu 21. Lakini usimsomee kama karani wa sensa! Mimi naiweka pembeni, tunaongea, jibu likitoka najaza, mwishoni yanabaki mawili matatu nayauliza moja kwa moja. Swali la tisa hilo usiliruke kamwe, linauliza mawazo ya kufa au kujidhuru, na likiwa lolote juu ya sifuri hata kama jumla ni ndogo hapo simamisha mengine yote uongee naye.

Najua utaogopa kulitamka. Manesi wengi wanaogopa wakidhani wanampa mgonjwa wazo ambalo hakuwa nalo, na sivyo, ukimuuliza mtu hujampandikizia kitu, unampa nafasi ya kushusha mzigo alioubeba peke yake. Uliza hivi: mama, mtu akichoka kiasi hiki wakati mwingine anawaza bora asiamke, wewe imewahi kukutokea? Akisema ndiyo, unafuata: umewaza ungefanyaje? Hicho kitu kipo nyumbani? Umewahi kujaribu? Nini kimekuzuia mpaka leo? Hilo la mwisho ndilo linakupa pa kushika, wengi watasema watoto. Ukiona ana mpango na kifaa anacho, haondoki peke yake hapo kituoni, haachwi chumbani peke yake, unaita ndugu anayemwamini yeye (siyo unayemtaka wewe, maana huenda tatizo ni huyohuyo mume), na rufaa inaandikwa leo.

Kama hayupo kwenye hatari hiyo, dakika zilizobaki mwambie ataje yote yanayomsumbua, ada, mume, deni la kikoba, mkwe, yote, halafu achague MOJA. Mchague pamoja hatua ya kwanza ndogo kabisa ya wiki hii. Hii siyo ya kwangu, Zimbabwe daktari Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mabenchi nje ya kliniki za Harare, wanaokaa pale ni bibi wa mtaani waliofundishwa, na wao ugonjwa wanauita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, sasa hebu niambie hiyo siyo "mawazo mengi" ya kwetu hiyohiyo? Utafiti wao ulitoka 2016, watu 573 katika kliniki 24, na waliokaa benchi na bibi dalili zao zilishuka kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida. Kama bibi asiye na cheti anaweza, wewe mwenye diploma unaweza.

Mwisho wa siku ya kwanza mpe tarehe, iandike kwenye karatasi kwa mwandiko mkubwa, mwambie nitakusubiri mimi mwenyewe. Asipokuja, piga. Sisi tulifundishwa habari za Peplau, muuguzi wa Marekani aliyeandika mwaka 1952 kwamba uhusiano wa nesi na mgonjwa wenyewe ni tiba, nikiwa mwanafunzi nilikariri kwa ajili ya mtihani, nimekuja kuuelewa kwa wagonjwa waliorudi tarehe niliyoandika.

---

Tabibu Kijana amejibu:

Mama wa Zamu heshima yako. Naongezea upande wangu wa chumba cha daktari maana mimi ni afisa tabibu na hizo taifodi na vidonda vya tumbo kwenye daftari ni aibu yetu sisi siyo ya nesi.

Sista, kabla hamjasema ni sonona mwombe tabibu wako apime mara moja kwa ukamilifu halafu basi, siyo kila mwezi. Damu kama imepungua, sukari, HIV, ujauzito, angalia shingo kama kuna uvimbe maana tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi inaleta moyo kwenda mbio, jasho, mikono kutetemeka, kukonda, kitu kinachofanana kabisa na wasiwasi. Uliza amejifungua lini. Uliza dawa anazotumia, hata za kienyeji, na pombe pia.

Dawa sasa. Hili linaniuma sana: mgonjwa anapewa amitriptilini kidonge kimoja cha 25 usiku miezi sita halafu tunaandika "hakupata nafuu". Hiyo 25 ni ya kuanzia, kwa mtu mzima mwenye sonona inapandishwa taratibu, mara nyingi mpaka 100 au hata 150, daktari ndiye anapandisha, kazi yako ni kumkumbusha na kuangalia mgonjwa anavumiliaje. Itamkausha mdomo, choo kigumu, kizunguzungu akisimama ghafla. Mzee mwenye shida ya moyo au ya mkojo kuziba asipewe hivihivi. Fluoksetini inanywewa asubuhi, kwa kawaida 20, na wiki ya kwanza inaweza kumuongezea wasiwasi na kichefuchefu, vijana chini ya miaka 25 muwaangalie kwa ukaribu wiki za mwanzo maana mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka.

Mambo mawili usisahau. Amitriptilini zikimezwa nyingi kwa pamoja zinaua, zinavuruga mapigo ya moyo, kwa hiyo mgonjwa aliyewahi kuwaza kufa usimpe za mwezi, mpe za wiki na mtu wa nyumbani azishike. Na kabla ya kuanza dawa yoyote ya sonona muulize yeye na ndugu yake: kuna kipindi aliwahi kuchangamka kupita kiasi, halali na hachoki, anagawa pesa, anaongea haraka haraka? Kama ndiyo, simama, huenda ni ugonjwa mwingine (bipola), hiyo ni njia nyingine kabisa, mpeleke mkoani.

Halafu watakuomba diazepamu, watakuambia ile ndiyo inanisaidia kulala. Kwa wiki chache mwili unaizoea na kuitoa ni kazi. Usiwe wewe wa kuianzisha.

---

Mtu wa Pwani amejibu:

Wadau mimi si mtu wa hospitali nisameheni kama nakosea. Lakini naona huyo mama hana ugonjwa, ana shida. Mwenye deni na mume mlevi akilia unampa kidonge cha nini? Mkianza kuita kila machozi sonona, nchi nzima itakuwa wagonjwa. Bibi zetu walikuwa na mashida kuliko haya na hawakumeza kitu.

---

Mama wa Zamu amejibu:

Ndugu yangu wa Pwani hujakosea kuuliza na nusu ya hilo nakubaliana nalo, ndiyo maana sikuanza na kidonge. Mtu aliyefiwa wiki iliyopita akilia huyo ana msiba, hana ugonjwa, akae na watu wake. Tofauti tunaiangalia hapa: je imepita wiki mbili karibu kila siku? Je ameacha kula, ameacha kuoga, biashara imemshinda, mtoto analia yeye anamwangalia tu bila kusogea? Shida ndiyo iliyomwangusha lakini sasa hata shida ikiondoka yeye hawezi kuinuka. Na bibi zetu tusiwasemee. Mimi bibi yangu mzaa baba alilala ndani karibu mwaka mzima tulipokuwa wadogo, tukaambiwa ana jini, akatolewa jini mara tatu. Hakuna aliyemuuliza kitu. Leo nikimkumbuka namuona kabisa mgonjwa wangu wa Jumanne.

---

mwalimu_wa_shamba amejibu:

Mimi nilikuwa mgonjwa, naomba na mimi niseme maana mnaongea kuhusu sisi.

2021 nilipoteza usingizi miezi mitatu, nikawa naingia darasani naandika tarehe ubaoni halafu nasahau nimekuja kufundisha nini, wanafunzi wananitazama. Nilipimwa kila kitu. Aliyenishika ni nesi mmoja wa zahanati, siyo daktari. Alichofanya cha kwanza aliniambia ukweli wa dawa kabla sijaimeza, akasema mwalimu hii itakukausha mdomo na kukulevya kabla haijakusaidia, nafuu usiitegemee kabla ya wiki mbili mpaka nne, ukitaka kuacha njoo uniambie mimi kwanza. Kwa hiyo mdomo ulipokauka sikuogopa, nilijua ndiyo ile aliyosema. Wenzangu wengi wanaacha siku ya nne maana hakuna aliyewaambia.

Kingine, kila nikienda naenda na bahasha ya dawa, anamwaga vidonge kwenye kisahani anahesabu na mimi, haulizi "umekunywa?" kwa ukali, anasema vimebaki vitano vilitakiwa viwe viwili, siku gani ilikuwa ngumu? Mtu akikuuliza siku gani ilikuwa ngumu huwezi kumdanganya.

Na alinipa kazi. Wiki ya kwanza kazi yangu ilikuwa kutoka nje kabla ya saa moja asubuhi nimwagilie miche ya mipapai. Tu. Nilimuona kama ananichezea. Wiki ya pili nikaongezewa kumsalimia jirani mmoja.

Kosa nililolifanya baada ya miezi miwili nikajiona mzima nikaacha dawa, nikaanguka tena vibaya kuliko mwanzo. Waambieni wagonjwa wenu kwamba kujisikia vizuri siyo kumaliza, mimi mara ya pili nilikunywa mpaka ikapita miezi tisa tangu nipate nafuu, halafu tukaipunguza kidogo kidogo pamoja na daktari.

---

Sister Bahari amejibu:

Hamjambo nyote, mimi ni nurse upande wa Mombasa. Sina mengi, Mama wa Zamu amemaliza. Nataka tu niongeze kuhusu nyumbani.

Mgonjwa akikwambia amewaza kufa, uliza kuhusu dawa ya panya na dawa ya kunyunyiza shamba, hizo ndizo ziko chini ya kitanda kila nyumba. Mwambie yule ndugu azipeleke kwa jirani leo hii, si kesho. Hilo wazo mara nyingi huja kwa nguvu halafu linapungua, kama kile kitu hakiko karibu wakati linapokuja, mtu anapona. Andikeni pamoja naye kikaratasi: ni ishara gani zinaonyesha nimeanza kuzama, nani nampigia wa kwanza, nani wa pili, kituo kiko wapi. Anakiweka kwa kava ya simu.

Pia wengi hawasemi ukweli kwa sababu ya polisi. Sisi huku kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai mpaka Januari 2025 Mahakama Kuu ilipoamua kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakwenda kinyume cha Katiba. Nyinyi Tanzania bado mna kosa hilo kwenye Kanuni ya Adhabu yenu, kwa hivyo mgonjwa wako akisita, jua hilo linampitia kichwani. Mwambie mapema wewe ni nesi na uko hapo kumtibu, pia mwambie kweli kwamba ukiona maisha yake yako hatarini utamhusisha mtu mmoja ili asife. Usimuahidi siri ambayo hutaweza kuiweka.

Na wewe sista tafuta mtu wa kuongea naye. Kusikiliza watu kumi kwa siku kunakaa mwilini.

---

nesi_wa_kituo ameandika:

Wakubwa wangu asanteni sana, nimerudi baada ya wiki tatu kuwapa mrejesho. Nilinakili majibu yenu kwenye daftari.

Mama hakurudi mwenyewe. Siku ya kliniki ya watoto nikamuona kwenye foleni ya kupima uzito, nikaenda nikamshika mkono nikamwambia siku ile nilikuharakisha, nisamehe, ukimaliza njoo nina muda. Alikuja. Nimekaa kwenye kona ya meza kama ulivyosema Mama wa Zamu. Kile kimya kweli ni kirefu jamani, nilihesabu matone ya bomba.

PHQ-9 ilitoka 16. Swali la tisa nililiuliza huku moyo wangu ndio unakwenda mbio. Akaniangalia akasema, sista tangu nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo. Alikuwa amewaza, mpango hakuwa nao, kinachomzuia ni huyu mdogo wa miezi nane. Kumbe yote yalianza baada ya kujifungua, mara saba zote hizo hakuna kati yetu aliyeunganisha. Dada yake ndiye anashika dawa sasa, tabibu wetu amempima, damu ilikuwa imepungua anaongezewa madini ya chuma, na fluoksetini tumempa baada ya kuongea kwa simu na daktari wa mkoa kwa sababu ananyonyesha. Kazi aliyojichagulia wiki ya kwanza ni kwenda kukaa kibarazani kwa dada yake kila jioni na mtoto.

Leo ilikuwa tarehe yake. Saa nne alikuwa hajafika, saa tano hajafika, nikapiga simu ikapokelewa na dada, akasema wapo njiani, wamesubiri mvua ipungue. Sasa ni saa sita kasoro, naona mwavuli getini, ngoja niende nikaweke kiti.